Mkojo wa rangi ya ukwaju

Mama alikuja na chupa. Ilikuwa ya nusu lita, ya maji ya dukani, ameiviringisha kwenye kipande cha kanga kama mtu anayeficha kitu cha aibu. Akaiweka mezani, akaifunua. "Daktari, mwanangu anakojoa hivi."

Mkojo ulikuwa na rangi ya maji ya ukwaju. Nikautazama, nikaitazama kadi ya matibabu ya kifua kikuu mkononi mwake, nikampa jibu ninalowapa wote: "Usiogope mama, ni dawa. Rifampisini hubadilisha rangi ya mkojo, hata machozi na jasho." Akashukuru. Kabla hajasimama akauliza, kwa sauti ya mtu asiyetaka kusumbua: "Mbona alfajiri, kabla hajameza, ndiyo unakuwa mweusi zaidi?"

Sikumbuki nilimjibu nini. Nje palikuwa na foleni.

Naandika kisa hiki kwa ajili ya matabibu, wauguzi na madaktari wanaokaa kwenye vyumba kama changu cha wakati ule, na kwa mzazi yeyote anayetaka kuelewa ugonjwa ambao wengi wetu hatutauona hata mara moja kazini. Umri, mahali na mambo madogo yanayoweza kumtambulisha mtoto nimeyageuza.

Binti alikuwa na miaka 12, wa kijiji cha pwani. Alifika hospitali ya wilaya akiwa na kikohozi cha miezi miwili, homa za jioni zinazokuja na kuondoka, na uzito ulioshuka kutoka kilo 36 hadi 31. Mjomba wake, wanaoishi nyumba moja, alikuwa amemaliza dozi ya kifua kikuu mwaka uliopita. Picha ya kifua ilionyesha mabaka mapafu yote mawili, na juu upande wa kulia palikuwa na doa la mviringo lenye uwazi katikati, kama pete nene. Kwa daktari wa huku kwetu picha hiyo haina mjadala.

Makohozi yalipimwa mara mbili kwa GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya kimelea cha TB, yakarudi hayana kitu. Hilo halikutuzuia kuanza dawa, na hadi leo sioni kama tulikosea hapo. Mtoto hutoa vimelea vichache, na wengi humeza makohozi badala ya kuyatema. Mwongozo unaruhusu mtoto aanzishiwe matibabu kwa dalili, picha na historia ya nyumbani hata kama kipimo kimesema hapana, na anayesubiri uthibitisho kwa kila mtoto atazika wengi. Kosa lilikuja baadaye. Tulipokwisha kuandika TB juu ya faili, kila kilichofuata tulikisoma kwa herufi hizo mbili.

Nimelirudia faili lile mara nyingi. Ukurasa wa kwanza kabisa, kwa mwandiko wa muuguzi wa mapokezi, kuna maneno haya: "mafua miezi 4, muhina mara kwa mara." Bibi yake alisema damu hiyo ya puani ni jua, na dawa ya jua ni maji ya baridi utosini. Ukurasa wa pili: sikio la kushoto linatoa usaha, kapewa amoksilini. Wiki ya tatu ya dawa: viungo vinauma, pirazinamidi, moja ya dawa za TB, inajulikana kwa hilo, kapewa dawa ya maumivu. Wiki ya tano: himoglobini (wingi wa damu) imeshuka kutoka 9.8 hadi 6.1. Kipimo cha malaria hakina kitu. Kaongezewa damu chupa moja, kapewa dawa ya minyoo na vidonge vya madini ya chuma, karudi nyumbani.

Kila mstari ukiusoma peke yake una maelezo yanayoingia akilini. Hakuna aliyeuliza swali ambalo fundi bomba angeuliza: tangi linapungua, maji yanakwenda wapi? Mtoto huyu hakuwa na jeraha, hakuharisha damu, wala hakuwa amevunja ungo. Himoglobini ilishuka karibu gramu nne kwa wiki tano, na damu ile ilikuwa ikivujia ndani ya mapafu yake. Mtu mzima mara nyingi angeitema tukaiona. Mtoto huimeza, au hubaki imetuama kwenye vifuko vya hewa, na picha ikipigwa mabaka yake hufanana na ya nimonia au ya kifua kikuu kinachosambaa.

Usiku wa siku ya 41 ya dawa aliletwa kwa bodaboda, katikati ya dereva na mama yake, kanga ya mama imelowa damu nyekundu yenye povu. Oksijeni asilimia 79, himoglobini 4.7. Picha ilionyesha mapafu meupe kama pamba iliyochambuliwa. Tulimpa oksijeni, damu na seftriaksoni ya kuua bakteria, tukaomba rufaa. Nilipanda naye kwenye gari la wagonjwa.

Hospitali ya rufaa tulipokelewa na daktari bingwa wa watoto, mama wa makamo, mtaratibu. Nikamwamkia, nikaanza kueleza: TB, wiki ya sita, GeneXpert hasi mara mbili. Akaniacha nimalize. "Mkojo wake ulipimwa lini?"

Haukuwa umepimwa hata siku moja. Chupa ile ya mama ilirudi nyumbani kama ilivyokuja.

Alichofanya baada ya hapo hakikumchukua dakika kumi. Alimulika tochi ya simu kwenye tundu la kulia la pua ya mtoto. Ndani kulikuwa na magaga meusi ya damu iliyoganda. Kisha akaniambia nichungulie tundu la kushoto. Niliona mwanga. Ukuta unaotenganisha matundu mawili ya pua ulikuwa umetoboka, na mwanga ukipita kama dirishani. Mtu hapati tundu lile kwa mafua wala kwa jua.

Akachovya kijiti kwenye mkojo: damu alama tatu, protini alama mbili. Sampuli ikaenda kwenye hadubini, na fundi wa maabara, ambaye nadhani alikuwa ameambiwa aangalie kwa makini, akaandika kwamba chembe nyekundu zimekunjamana na kuharibika umbo, na nyingine zimebanana pamoja kwa umbo la mrija mdogo. Damu inayotoka kwenye kibofu haiwi hivyo. Chembe hukunjamana zinapopenya kwenye chujio la figo lililoraruka, na umbo la mrija ni alama ya vijia vya figo zilikopitia. Kriatinini, taka ya damuni ambayo hupanda figo zikishindwa kuichuja, ilikuwa 214, kwa umri wake haikutakiwa ifike 70.

Sasa turudi kwenye swali la mama.

Rifampisini humezwa asubuhi, na rangi yake hukolea saa chache baadaye. Hufanana na soda ya machungwa, kisha hupauka kadiri siku inavyokwenda. Alfajiri ya pili, karibu saa 24 tangu kidonge, mkojo unapaswa kuwa umepauka kuliko saa zote. Wa binti huyu ulikwenda kinyume. Damu iliyopita kwenye figo ikilala usiku kucha ndani ya mkojo wenye asidi hugeuka kahawia, na kwa vile mtoto hajanywa maji usiku, hukolea. Mama alikuwa amenieleza kwa sentensi moja kwamba rangi ile haitokani na kidonge. Nasi wa pwani tuna kipofusho cha ziada, kichocho. Mkojo wa damu kwa mtoto wa kijijini kwetu hautushtui. Lakini damu ya kichocho mara nyingi ni nyekundu mbichi, huja mwishoni mwa haja, na mtoto hulalamika kuungua. Mkojo kama ukwaju au chai ya rangi, usio na maumivu, usio na mabonge, unatoka juu, kwenye figo.

Mtoto anayetokwa damu mapafuni na figoni kwa wakati mmoja ana orodha fupi ya magonjwa. Cha kwanza kukiondoa kwa mazingira yetu ni kile cha kawaida kuliko vyote: figo zilizovimba baada ya maambukizi ya koo au ngozi, maji yakajaa mwilini hadi mapafuni. Mtoto huyo huvimba uso, presha hupanda, moyo hutanuka kwenye picha, lakini himoglobini haidondoki namna ile. Binti yetu alikuwa mkavu, na moyo wake ulikuwa na ukubwa wa kawaida. Leptospirosisi, ugonjwa wa mkojo wa panya, nao huweza kutoa damu mapafuni na kuua figo, ila huja kwa siku, hauji kwa miezi. Hata hivyo seftriaksoni iliendelea kwa sababu inautibu. Lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe, ilibidi iulizwe kwa msichana wa umri huu. Kulikuwa pia na ugonjwa wa kingamwili zinazoshambulia utando wa vifuko vya hewa na wa vichujio vya figo, ambao ni adimu sana kwa watoto. Na mwisho, kundi la vaskulitisi za mishipa midogo, yaani magonjwa ya kuvimba kwa kuta za mishipa ya damu.

Ni tundu la puani lililoelekeza kidole kwenye moja ya kundi hilo: granulomatosisi yenye poliangitisi, kwa kifupi GPA. Vitabu vya zamani vinaiita kwa jina la Friedrich Wegener, mpatholojia wa Ujerumani aliyeieleza mwaka 1936. Mwaka 2011 vyama vya kitaalamu viliafikiana kuachana na jina hilo baada ya uhusiano wake na chama cha Wanazi kuwekwa wazi, na uamuzi huo naukubali kabisa, japo jina jipya linavunja ulimi.

Kinachotokea mwilini ni hiki. Seli nyeupe ziitwazo nyutrofili hubeba silaha zake ndani, kimeng'enya kiitwacho PR3 kikiwa mojawapo. Kwa sababu ambayo haijafahamika kikamilifu, mwili huanza kutengeneza kingamwili dhidi ya silaha yake wenyewe. Kingamwili hizo, ANCA, huishika nyutrofili ikiwa bado imo ndani ya mshipa na kuichokoza, nayo hulipuka palepale. Ukuta unaoungua ni wa mishipa iliyo myembamba kuliko unywele, na mahali ambapo mwili una mishipa ya aina hiyo iliyosongamana ni kwenye vifuko vya hewa na vichujio vya figo. Puani, sikioni na kwenye koo la hewa ugonjwa hujenga vinundu vinavyokula gegedu polepole. Vinundu hivyo vikiota mapafuni huoza katikati na kuacha uwazi. Ile pete nene ya kwenye picha yetu ilikuwa hiyo.

Kwa watoto huu ni ugonjwa adimu kwelikweli, huwapata wasichana zaidi ya wavulana, na mara nyingi hujitokeza kipindi cha kubalehe. Mwaka 2008 wataalamu wa baridi yabisi ya watoto walikubaliana huko Ankara vigezo 6, na mtoto akitimiza 3 huhesabiwa kuwa nao: vinundu kwenye nyama iliyokatwa na kuchunguzwa, ugonjwa wa pua au sainasi, kubana kwa koo la hewa au njia zake, ugonjwa wa mapafu, ugonjwa wa figo, na ANCA.

Hesabu na mimi. Pua ilionekana kwa tochi ya simu. Mapafu yalionekana kwenye eksirei tuliyokuwa nayo tangu siku ya kwanza. Figo zilionekana kwa kijiti. Vitatu vimetimia, na hakuna hata kimoja kilichohitaji mashine ambayo hospitali yetu ya wilaya haina. Hilo ndilo linaloniuma. Nimeshasikia wenzangu wakisema magonjwa haya si ya kwetu, yanataka maabara za Ulaya. Maabara za nje zilikuja kuthibitisha tu: jibu la ANCA lilirudi siku ya 15 tangu sampuli isafirishwe, PR3 ikiwa juu sana, na kwa wakati huo mtoto ama angekuwa amepona hatari au amezikwa. Tena kipimo chenyewe kina mtego, kwa sababu kifua kikuu nacho huweza kuzalisha ANCA kwenye damu. Karatasi ile ingekuja peke yake, bila tundu la pua na bila mirija ya damu kwenye mkojo, isingetosha kuamua.

Kuamua matibabu ndiko kulikoleta ubishi wodini, na ubishi ulikuwa wa haki.

Dawa ya kuzima moto huu ni steroidi kwa wingi: methiliprednisoloni mshipani, miligramu 30 kwa kila kilo, siku 3 mfululizo. Kwa binti huyu ilikuwa karibu miligramu 900 kwa siku. Kumpa dozi hiyo mtoto mwenye kifua kikuu kisichodhibitiwa ni kumimina mafuta ya taa jikoni. Daktari mmoja alitaka tusubiri kamera ishushwe mapafuni tuchukue maji. Bingwa alikataa: kwa oksijeni ile kamera yenyewe ingemuua. Hoja yake ilikuwa kwamba mtoto amemeza dawa wiki sita chini ya uangalizi na bado ugonjwa umeingia viungo vipya, na hakuna TB inayotoboa pua na kurarua chujio la figo hivi ndani ya miezi michache. Sampuli mpya ya makohozi ikapelekwa GeneXpert na kuoteshwa, albendazoli na aivamektini zikatolewa kwa sababu ya minyoo ya pwani inayolipuka mtu akipewa steroidi, na saa mbili usiku dozi ya kwanza ikaanza kudondoka.

Rifampisini ikasimamishwa. Wengi wetu husahau kwamba dawa hii huliamsha ini lichome prednisoloni, steroidi ya vidonge, haraka, hata kidonge kikawa kama hakijamezwa, na hali hiyo hubaki kama wiki mbili baada ya kuiacha. Kwa hiyo prednisoloni ya vidonge iliyofuata haikupunguzwa kwa pupa. Makohozi yalipomaliza wiki za kuoteshwa bila kuota kitu, isoniazidi ikarudishwa peke yake kama kinga, kwa ajili ya yule mjomba.

Steroidi hupoza tu. Kabla ya dawa za kushusha kinga, mtu mzima mwenye GPA iliyofika figoni aliishi kwa wastani miezi mitano. Aliyebadilisha hesabu hiyo Marekani, kwa siklofosfamidi, ni Anthony Fauci na wenzake miaka ya 1970, yuleyule ambaye dunia ilikuja kumjua kwa UKIMWI na UVIKO. Siku hizi kuna rituksimabu. Utafiti wa mwaka 2010 kwa wagonjwa 197 ulionyesha haipitwi na siklofosfamidi, na mwaka 2019 Marekani iliiruhusu kwa watoto kuanzia miaka 2. Ningependa aipate hiyo. Lakini siklofosfamidi ilikuwemo kabatini kwenye wodi ya saratani usiku uleule, na rituksimabu ilihitaji barua. Alipata siklofosfamidi, dozi iliyopunguzwa kwa ajili ya figo, pamoja na maji mengi na mesna ya kulinda kibofu, na kotrimoksazoli kila siku kuzuia nimonia ya fangasi.

Mashine ya kubadilisha utegili (plazma) wa damu hatukuwa nayo. Utafiti mkubwa wa mwaka 2020, wagonjwa 704, ulikuwa umeonyesha kwamba kwa ugonjwa huu haikupunguza vifo wala figo kufa, basi hatukulala tukijilaumu.

Kabla ya dozi ile bibi aliitwa pembeni pamoja na mama. Bibi alisikiliza maelezo yote ya mapafu na figo bila kupepesa, kisha akauliza kimoja tu: "Atazaa?" Bingwa hakumdanganya. Akamwambia dawa hii inaweza kudhuru mayai ya uzazi, kwamba hatari hupanda kwa jumla ya dozi, na kwamba msichana mdogo hustahimili zaidi ya mwanamke mzima. Bibi akafikiri. "Mpeni. Kwanza awe hai."

Siku ya tatu povu la damu lilikoma, na siku ya sita akatolewa oksijeni. Wiki ya pili walimtoa kipande cha figo kwa sindano: vichujio vingi vilikuwa vimebanwa na seli zilizojipanga kwa umbo la mwezi mwandamo, na hapakuwa na kingamwili zilizoganda ukutani, kama inavyotarajiwa kwenye GPA. Aliruhusiwa wiki ya tano, kriatinini 98, himoglobini 10.2.

Nyumbani kulikuwa na taabu nyingine. Uso ulimjaa kwa steroidi, wenzake darasani wakamwita Bibi Andazi, akakataa shule mwezi mzima. Mgongo wa pua ulibonyea, gegedu lililoliwa halirudi. Mwezi wa saba sauti yake ilikwaruza, mama akadhani ni baridi. Safari hii alipelekwa moja kwa moja kwa daktari wa koo, kwa sababu kubana kwa koo la hewa chini ya nyuzi za sauti huwapata watoto wenye GPA kuliko watu wazima. Palikuwa na uvimbe mdogo. Bado unafuatiliwa. Sasa ni mwezi wa 16, yuko kwenye azathioprini, dawa ya kushusha kinga, kriatinini imegota 84 na sidhani kama itashuka zaidi. Ugonjwa huu una tabia ya kurudi.

Nilimwomba mama msamaha kliniki, mwezi wa tatu. Alicheka kidogo, akasema, "Dokta, hata mimi niliamini ni dawa." Sikumwambia kwamba aliamini kwa sababu mimi nilimwambia.

Tulimpa kopo la vijiti na kumwonyesha kulifunga mara tu akitoa kimoja, kwani unyevu wa pwani huviharibu. Kila Jumamosi alfajiri hupima mkojo wa kwanza. Kabla ya hapo huumimina kwenye glasi, huiweka dirishani mbele ya kitambaa cheupe na kunitumia picha kwa WhatsApp, ingawa nimemweleza kwamba damu kidogo haionekani kwa macho. Jumamosi iliyopita nilimkumbusha tena asitegemee glasi, achovye kijiti.

"Nimeshachovya," akajibu. "Cha damu kimebaki njano. Picha nakutumia wewe, uuangalie."